Jina halifanani na cheti: uchambuzi wa seva ya barua pepe iliyohamishwa

Shirika tutakaloliita shirika.example lilikuwa na tovuti na barua pepe kwenye seva moja ya kukodi, anwani 192.0.2.80. Barua pepe zikahamishiwa seva mpya ya shirika lenyewe, 203.0.113.25, yenye mfumo wa Debian, Postfix (inayotuma na kupokea barua) na Dovecot (inayowapa watumiaji masanduku yao). Tovuti ikabaki ilipokuwa. Masanduku ya barua kwenye seva ya zamani hayakufutwa. Yaliachwa kama akiba kwa muda, ingawa cheti cha shirika, yaani hati ya kidijitali inayothibitisha jina la seva, kilikwisha kuondolewa kwenye huduma za barua za seva hiyo. Seva mpya ilipewa jina mx1.shirika.example, ikachukuliwa cheti cha Let's Encrypt, mamlaka inayotoa vyeti bure, kwa jina hilo hilo moja, na rekodi ya MX, inayotaja seva inayopokea barua za kikoa, ikaelekezwa huko.

Barua kutoka nje ziliingia vizuri tangu mwanzo. Matatizo yalianzia kwa watumiaji. Outlook ilitoa onyo kwamba jina la seva si sahihi. Thunderbird ikasema cheti ni cha tovuti nyingine na kumpa mtumiaji kitufe cha kuongeza ruhusa ya kudumu. Simu zikauliza kama cheti kiaminiwe. Jambo lililowachanganya mafundi ni kwamba onyo halikuwa la wote. Mtu alipata onyo akitumia intaneti ya simu, akirudi kwenye mtandao wa ofisi halipo, au kinyume chake. Wachache walibonyeza “endelea”, wakaingia bila shida, kisha wakalalamika kwamba hawapati barua mpya.

Lalamiko hilo la mwisho ndilo ufunguo wa kisa kizima. Onyo la jina kutofanana lina maana mbili zilizo mbali sana: ama umefika kwenye seva sahihi yenye cheti kilichosahau jina lako, ama umefika kwenye seva isiyo yako kabisa. Fundi anayeanza kwa kutengeneza cheti kabla ya kujua ni ipi kati ya hizo mbili atatibu nusu ya ugonjwa. Hapa zote mbili zilikuwepo kwa pamoja.

Programu inalinganisha nini na nini

Programu ya barua inapoungana na seva kwa TLS, yaani muunganisho uliosimbwa, inabeba jina moja tu la kulinganisha: lile lililoandikwa kwenye mipangilio ya akaunti. Inapokea cheti, inasoma orodha ya majina iliyomo kwenye sehemu iitwayo SAN, na kutafuta humo jina lile lile. Likikosekana, onyo linatoka, hata kama cheti hakijaisha muda na kimetolewa na mamlaka inayoaminika duniani kote.

Vitu vingi ambavyo watu huvirekebisha kwa matumaini havihusiki na ulinganisho huu. Rekodi ya MX haiangaliwi na programu ya mtumiaji. Rekodi ya PTR, inayotoka kwenye anwani kurudi kwenye jina, haiangaliwi. Jina ambalo Postfix inajiita kwenye salamu yake haliangaliwi. CNAME nayo haisaidii: ukiandika mail.shirika.example, na DNS (mfumo unaogeuza majina kuwa anwani) ikasema jina hilo ni lakabu ya mx1.shirika.example, programu bado inatafuta mail.shirika.example ndani ya cheti. Ni sawa iwe hivyo, kwa sababu majibu ya kawaida ya DNS hayana ulinzi, na mtu anayeweza kuyaghushi angeweza kuigeuza programu iamini cheti chake. Kanuni za ulinganisho zimeandikwa katika hati ya viwango vya intaneti RFC 6125 ya 2011, iliyorithiwa na RFC 9525 ya 2023. RFC 7817 ya 2016 inazihusisha moja kwa moja na IMAP na POP3, itifaki za kusoma barua, pamoja na utumaji wa barua. Toleo la 2023 limeiweka pembeni kabisa CN (Common Name), sehemu ya zamani ya cheti iliyobeba jina. Kwa hiyo cheti chenye jina sahihi kwenye CN pekee, bila SAN, ni sawa na cheti kisicho na jina.

Cheti cha nyota nacho kina mipaka inayosahaulika. *.shirika.example inafunika mail.shirika.example na smtp.shirika.example. Haifuniki shirika.example tupu, wala imap.mail.shirika.example, kwa kuwa nyota inasimama badala ya sehemu moja tu ya jina.

Tiba ya kwanza iliyoharibu zaidi

Mafundi walipoona onyo linataja mx1 huku watumiaji wameandika mail, walibadilisha myhostname ya Postfix, yaani jina inalojitambulisha nalo, kuwa mail.shirika.example. Onyo halikuondoka hata kidogo, kwa sababu zilizotajwa hapo juu. Kilichobadilika ni upande wa kutuma nje: seva sasa ilijitambulisha kwa jina moja huku PTR ya anwani yake ikisema jingine. Baadhi ya seva zinazopokea huhesabu tofauti hiyo kama dalili ya barua taka. Mpangilio ulirudishwa kama ulivyokuwa. Salamu, PTR na myhostname vinahusu sifa ya seva inapotuma. Cheti kinahusu jina ambalo watu wanaliita. Ni vizuri viwili hivi vikae mbali kichwani.

Kupima jina kwa jina, poti kwa poti

Kabla ya kugusa faili lolote, andika majina yote ambayo watumiaji wameyaweka kwenye vifaa vyao. Usikisie, fungua mipangilio ya akaunti kadhaa, za kompyuta na za simu, mpya na za miaka iliyopita. Katika kisa hiki yalipatikana manne: mail.shirika.example, imap.shirika.example, smtp.shirika.example, na shirika.example tupu kwenye simu za zamani. Mafundi wenyewe walikuwa wameweka mx1.shirika.example, ndiyo maana kwao kila kitu kilionekana kizima.

Kisha kila jina linapimwa kwenye kila poti (namba ya mlango wa huduma) inayotumika: 993 kwa IMAP, 995 kama POP3 ipo, 465 kwa utumaji wenye TLS tangu mwanzo, 587 kwa utumaji unaoanza wazi kisha kupandishwa kwa STARTTLS. Kwa 993, 995 na 465 amri ni hii, kwa kubadilisha namba:

openssl s_client -connect mail.shirika.example:993 -servername mail.shirika.example -verify_hostname mail.shirika.example </dev/null

Kwa 587 unaongeza aina ya itifaki:

openssl s_client -starttls smtp -connect smtp.shirika.example:587 -servername smtp.shirika.example -verify_hostname smtp.shirika.example </dev/null

Mstari wa kutazama ni ule wa “Verify return code”. Namba 0 ni salama. Namba 62 ni jina kutofanana. Namba 18 ni cheti kilichojisaini chenyewe, 10 ni kilichoisha muda, na 21 kwa kawaida ni mnyororo wa vyeti usiokamilika, yaani seva imetoa cheti chake bila kile cha kati kinachokiunganisha na mamlaka. Usichanganye 21 na 62: dawa zake ni tofauti, na programu nyingi za simu huonyesha onyo moja lisilofafanua kwa makosa yote haya. Pia ujue kwamba amri hii hutaja kosa moja tu mwishoni. Cheti kinaweza kuwa na makosa mawili kwa mpigo.

Bila -verify_hostname amri hii haikagui jina hata kidogo. Itasema 0 kwa cheti cha mtu mwingine kabisa, ilimradi kinaaminika. Watu wengi wamehitimisha kwamba seva ni nzima kwa kukosa neno hilo moja. Neno -servername nalo ndilo linalotuma jina kwa seva kupitia SNI, kama programu za kisasa zinavyofanya, ili seva yenye vyeti vingi ichague kinachofaa.

Ili kuona majina yaliyomo ndani ya cheti chenyewe:

openssl s_client -connect mail.shirika.example:993 -servername mail.shirika.example </dev/null 2>/dev/null | openssl x509 -noout -subject -issuer -dates -ext subjectAltName

Na hatua inayorukwa karibu kila mara: rudia vipimo ukilazimisha -4, kisha ukilazimisha -6. Jina moja linaweza kuwa na rekodi ya A (anwani ya IPv4, mfumo wa zamani) na ya AAAA (anwani ya IPv6, mfumo mpya), na hizo mbili hazina lazima ya kwenda mahali pamoja.

Yaliyoonekana

Vipimo vilitoa majibu manne tofauti kwa kile kilichodhaniwa kuwa kosa moja.

Kwanza, mail, imap na smtp kupitia IPv4 vilifika kwenye seva mpya, poti 993 na 587, na cheti kilichotoka kilikuwa na mx1.shirika.example pekee. Huu ni upungufu wa kweli wa cheti.

Pili, mail.shirika.example kupitia IPv6 ilitoa cheti cha *.mtoahuduma.example, cha kampuni ya seva ya kukodi. Rekodi ya A ilibadilishwa siku ya kuhama. Ya AAAA ikasahauliwa, ikaendelea kuelekeza 2001:db8:80::80, seva ya zamani. Vifaa vya kisasa vikiwa kwenye mtandao wenye IPv6 huipendelea, na mitandao mingi ya simu inayo. Ndiyo maana mtu yule yule aliona onyo akiwa kwenye mtandao mmoja na lingine kwenye mwingine, au hakuna kama cheti cha huko alishakikubali.

Tatu, poti 465 ya seva mpya haikutoa cheti cha Let's Encrypt hata kidogo, bali kile cha kujisaini ambacho Debian hukitengeneza yenyewe, ssl-cert-snakeoil. Postfix ile ile, 587 cheti kimoja, 465 kingine. Hili hutokana na master.cf, faili la huduma za Postfix, ambako kila huduma inaweza kupewa mipangilio yake inayoifunika ile ya main.cf, faili la mipangilio ya jumla.

Nne, shirika.example tupu ilielekea kwenye seva ya tovuti, ile ya zamani, ambayo poti zake za barua bado zilikuwa wazi. Aliyebonyeza “endelea” aliingia kwenye sanduku lake la zamani kwa nywila ile ile. Aliona barua zake zote hadi siku ya kuhama, na hakuna mpya. Waliopitia AAAA ya mail walifika huko huko. Barua walizotuma kwenda kwa wenzao ndani ya shirika ziliishia kwenye masanduku ya zamani ya wenzao hao, kwa kuwa seva ya zamani bado ilijiona ndiyo mwenyeji wa kikoa na haikuuliza MX.

Onyo lilikuwa likiwaambia watu hawa ukweli mtupu, kwamba seva uliyofikia siyo uliyoitaka. Ni jambo la kusikitisha kwamba ushauri wa kwanza wanaopewa watumiaji mara nyingi ni kubonyeza na kupita.

Kutengeneza: DNS kwanza, cheti baadaye

Mpangilio wa hatua hapa una sababu. Mamlaka ya vyeti inathibitisha umiliki wa jina kwa kufuata DNS hiyo hiyo, kwa hiyo rekodi iliyosahauliwa itakwamisha hata utoaji wa cheti.

Ukiuliza seva ya DNS yenye mamlaka, badala ya ile ya ofisini yenye majibu ya zamani, unaona hali halisi:

dig +short mail.shirika.example A @ns1.shirika.example
dig +short mail.shirika.example AAAA @ns1.shirika.example

AAAA ya mail ilibadilishwa iwe ya seva mpya, 2001:db8:25::25. Kama seva mpya haina IPv6 inayofanya kazi, futa rekodi hiyo. Usiiache kwa tumaini kwamba haitumiki. Kama TTL ya rekodi, yaani sekunde ambazo jibu lake huhifadhiwa, ni 3600, baadhi ya vifaa vitaendelea kwenda kwa zamani kwa saa nzima baada ya marekebisho, na wakati huo wote vipimo vyako vitakuwa vikitofautiana na malalamiko ya watu. Kwa kuhama kunakopangwa vizuri, TTL hushushwa hadi 300 angalau siku moja kabla.

Poti za barua kwenye seva ya zamani nazo zilifungwa, masanduku yakabaki kwenye diski. Ni afadhali mtumiaji akose kuungana kabisa kuliko aunganishwe na sanduku lililokufa. Barua zilizokwama humo zilihamishwa kwa programu ya imapsync kabla ya kufunga.

Swali la shirika.example tupu lilihitaji uamuzi. Ipo hoja ya kuliingiza jina hilo kwenye cheti cha barua, na kwa uthibitisho wa DNS linaweza kuingizwa kweli. Lakini haisaidii chochote: jina hilo linaelekea kwenye anwani ya tovuti, na huko hakuna Dovecot ya shirika. Cheti hakiwezi kuhamisha muunganisho. Vifaa vilivyoandikwa jina tupu vilibadilishwa kimoja kimoja kwa mkono kuwa mail.shirika.example, na hilo ndilo jina lililoachwa kuwa rasmi kwa kupokea na kutuma.

Kisha cheti. Kabla ya kuomba, angalia rekodi ya CAA ya kikoa, inayotaja mamlaka zinazoruhusiwa kukitolea vyeti. Ikiwa ipo na haitaji letsencrypt.org, ombi litakataliwa. Jaribu kwanza kwa Certbot, programu inayoomba vyeti, bila kutoa cheti halisi:

certbot certonly --dry-run --webroot -w /var/www/acme --cert-name mx1.shirika.example -d mx1.shirika.example -d mail.shirika.example -d imap.shirika.example -d smtp.shirika.example

Jaribio likipita, ondoa --dry-run. Njia hii ya HTTP inahitaji poti 80 ya seva mpya iwe wazi kwa kila jina lililotajwa. Jina likiwa na AAAA, Let's Encrypt huanza kwa IPv6. Ikishindwa kuungana kabisa hurudi kwenye IPv4, lakini seva ya IPv6 ikijibu kwa jibu lisilo sahihi, uthibitisho unaishia hapo. Kama AAAA ya mail ingekuwa bado ya zamani, seva ya tovuti ingejibu 404 na fundi angetafuta kosa kwenye webroot (folda ya faili za uthibitisho) siku nzima. Usirudie rudie ombi linaloshindwa: uthibitisho 5 ulioshindwa kwa jina moja ndani ya saa moja unafunga njia kwa muda, na vyeti 5 vyenye orodha ile ile ya majina ni kikomo cha siku 7.

Neno --cert-name lina uzito kuliko linavyoonekana. Ukiomba cheti chenye orodha tofauti ya majina bila kulitaja, Certbot inaweza kukifungulia folda mpya yenye mkia wa -0001. Cheti kipya ni kizuri kabisa, kiko kwenye diski, na Postfix inaendelea kusoma folda ya zamani. Amri certbot certificates inaonyesha vyeti vyote, majina yaliyomo na njia zake. Linganisha njia hizo na mipangilio halisi ya seva.

Jina mx1 lilibakizwa kwenye orodha kwa makusudi. Wapo wanaobadilisha cheti cha mx1 kwa cha mail na kuona watumiaji wametulia, kumbe wamevunja upande mwingine. Seva za barua zikizungumza zenyewe kwenye poti 25 kwa kawaida husimba bila kukagua jina, kwa hiyo kosa halionekani. Lakini kikoa kikiwa kimetangaza MTA-STS (sera inayodai usimbaji kati ya seva za barua) kwa hali ya enforce, yaani ya kulazimisha, watumaji wanaoifuata, Gmail wakiwemo, wanadai cheti kinachoaminika chenye jina la MX. Likikosekana hawafikishi barua. Huisubirisha na mwishowe kuirudisha kwa mtumaji. Wenye DANE (njia ya kuchapisha alama ya cheti kwenye DNS) wana jambo lao: rekodi ya TLSA ya aina 3 1 1 inabana ufunguo wa umma, wala jina halikaguliwi, lakini Certbot hutengeneza ufunguo mpya kila inapohuisha. Hapo unahitaji --reuse-key, au kuchapisha TLSA mpya kabla ya ufunguo kubadilishwa.

Postfix na Dovecot

Kwenye main.cf:

smtpd_tls_cert_file = /etc/letsencrypt/live/mx1.shirika.example/fullchain.pem
smtpd_tls_key_file = /etc/letsencrypt/live/mx1.shirika.example/privkey.pem

Tumia fullchain.pem, siyo cert.pem. Hiyo ya pili haina cheti cha kati. Vivinjari na baadhi ya programu za kompyuta hujitafutia zenyewe kipande kilichokosekana, simu nyingi hazifanyi hivyo, na hapo unazaliwa ule mjadala wa “kwangu inafanya kazi”.

Tatizo la poti 465 lilifichuliwa na amri moja:

postconf -P | grep tls

Inaonyesha mipangilio yote iliyowekwa ndani ya master.cf. Chini ya smtps ilikuwemo mistari miwili ya -o iliyotaja cheti na ufunguo wa snakeoil, mabaki ya majaribio ya siku ya kusimika. Ilifutwa mistari hiyo miwili tu; smtpd_tls_wrappermode=yes lazima ibaki, kwa kuwa ndiyo inayoifanya poti ianze kwa TLS. Kama usiposoma master.cf unaweza kuhariri main.cf hadi jioni bila 465 kubadilika.

Dovecot ya 2.3 inaandikwa hivi:

ssl_cert = </etc/letsencrypt/live/mx1.shirika.example/fullchain.pem
ssl_key = </etc/letsencrypt/live/mx1.shirika.example/privkey.pem

Alama ya < mbele ya njia ina maana ya “soma yaliyomo kwenye faili hili”. Ikisahaulika, Dovecot inachukua maandishi ya njia yenyewe kuwa ndiyo cheti na kushindwa kuwasha TLS. Kuanzia 2.4 majina yamebadilika kuwa ssl_server_cert_file na ssl_server_key_file, na alama hiyo haiwekwi tena. Angalia pia kama kuna vizuizi vya local_name, kwa amri doveconf -n | grep -A3 -E 'ssl|local_name'. Kizuizi cha local_name mail.shirika.example kikiwa na cheti chake, kitashinda mpangilio wa jumla kwa kila anayetuma jina hilo kupitia SNI. Ni kifaa kizuri kwa seva yenye vikoa vingi, na ni mtego kwa anayesahau kwamba kipo.

Ruhusa za folda ya /etc/letsencrypt hazikuguswa, na hazipaswi kuguswa. Postfix na Dovecot husoma ufunguo zikiwa bado na mamlaka ya root, kabla ya kujishusha. Kufungua ufunguo wa siri usomwe na kila mtumiaji wa mfumo ili “uhakikishe” ni hasara isiyo na faida yoyote.

Baada ya hapo:

postfix check && postfix reload
doveconf -n >/dev/null && doveadm reload

Dovecot ikishapakia cheti hukishikilia kwenye kumbukumbu. Certbot ikihuisha faili bila kuiambia, diski itakuwa na cheti kipya na watumiaji watapewa cha zamani hadi kiishe muda. Kwa hiyo weka hati ndogo kwenye /etc/letsencrypt/renewal-hooks/deploy/barua.sh, uipe ruhusa ya 755:

#!/bin/sh
postfix reload
doveadm reload

Vyeti vya Let's Encrypt kwa kawaida vimekuwa vikidumu siku 90, na muda wa vyeti vya umma unazidi kufupishwa. Kwa uamuzi wa Aprili 2025 wa CA/Browser Forum, jukwaa la watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari, ukomo wa juu ni siku 200 kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia 15 Machi 2029. Anayeweka vyeti kwa mkono leo atakuwa akifanya kazi hiyo karibu kila mwezi, na kila mara ana nafasi ya kusahau jina moja.

Mabaki

Vipimo vyote vilirudi na 0, IPv4 na IPv6, poti zote tatu. Outlook mbili zikaendelea kulalamika. Ukisoma onyo lao kwa makini, jina lililotajwa juu halikuwa mail bali autodiscover.shirika.example. Outlook inapojitafutia mipangilio hujaribu kikoa tupu kwenye njia ya /autodiscover/autodiscover.xml, kisha jina la autodiscover, yote kwa HTTPS poti 443. Lilikuwepo CNAME la autodiscover kuelekea kwa kampuni ya seva ya kukodi, enzi za zamani. Seva mpya haina huduma hiyo, kwa hiyo rekodi ilifutwa tu. Kabla ya kusema limekwisha, hakikisha hakuna rekodi ya nyota kwenye DNS; *.shirika.example ingelifufua jina lililofutwa na kulielekeza kwenye tovuti. Kwa programu zinazoelewa rekodi za SRV (zinazotaja seva na poti ya huduma) ziliongezwa mbili: _imaps._tcp kwenda mail.shirika.example poti 993, na _submissions._tcp kwenda poti 465.

Kwenye Thunderbird, waliokuwa wameongeza ruhusa ya kudumu walifutiwa kupitia sehemu ya usimamizi wa vyeti, kichupo cha seva. Ruhusa hiyo imefungwa kwa cheti fulani kwenye jina na poti fulani, na ikiachwa inabaki ni mlango uliofunguliwa kwa cheti ambacho hukichagua.

Kompyuta moja ilibaki. Cheti ilichokiona kilikuwa na mtoaji mwenye jina la antivirasi iliyosimikwa humo. Programu za namna hiyo huingia katikati ya muunganisho ili kusoma barua, na hutoa cheti chao wenyewe. Thunderbird, yenye hifadhi yake ya mamlaka zinazoaminika, huweza kukikataa. Mstari wa mtoaji ndio unaotofautisha hali hii na zote zilizotangulia, na hakuna cha kurekebisha kwenye seva. Ukaguzi wa barua zinazopita kwa TLS ulizimwa kwenye antivirasi, ukaguzi wa faili ukaachwa.

Mwisho uliwekwa uangalizi wa kila siku unaoita mail, imap, smtp na mx1 kwa -4 na kwa -6, kwenye 25, 465, 587 na 993, kutoka mashine iliyo nje ya mtandao wa shirika, na kutuma taarifa jibu lolote lisipokuwa 0 au cheti kikibakiza chini ya siku 14. Unaita majina kupitia mtandao badala ya kusoma faili kwenye diski, kwa kuwa katika kisa hiki faili lilionekana zima tangu siku ya kwanza. Poti 587 na 25 zinahitaji -starttls smtp, na kutoka mitandao mingi ya nyumbani poti 25 imezibwa, hivyo ukaguzi wake lazima utoke kwenye seva iliyo kwenye kituo cha data.